Sinia la Mama Kwenye Taya za Sumaku

Nasema mapema: bado nina hasira. Watu wa mtaani kwetu hapa Temeke wakiniona napita na mtoto mgongoni, naamkia wakubwa na kuitikia wadogo, wanadhani yale ya sinia yameisha. Hayajaisha. Ila ndani ya hasira hiyo kuna kitu nilichokiona uani siku ile, na kila nikitaka kukasirika sawasawa, kitu hicho kinanikata kauli. Ndiyo maana naandika.

Sinia lenyewe ni la shaba nyekundu, bapa, pana kiasi kwamba utotoni nilikuwa najikunja ndani yake nikalala. Ukingoni lina pete ya kulitundikia. Mama yangu alilipata kwa mama yake. Alikuwa hatuiti kula kwa kupaza sauti. Alikuwa anagonga ukingo wa sinia kwa kidole chenye pete, shaba inalia mpaka shambani kwenye mihogo, tunakuja mbio. Alifariki nikiwa bweni, mbali huko bara, na maziko sikuyawahi. Niliporudi likizo, nguo zake zilikuwa zimeshagawiwa. Shangazi alikuwa amenishikia kitu kimoja tu.

"Hili hakumpa mtu," aliniambia. "Alisema wewe ukijaliwa kuzaa, siku ya arobaini wageni wale wali humu."

Basi. Picha yake sina, kanga yake sina. Nina sinia.

Sasa turudi shuleni kidogo, kwa sababu balaa hili mbegu yake ilitoka huko. Nilisoma mpaka darasa la kumi. Tulikuwa na mwalimu wa sayansi, Mwingereza asiye na mume, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba chumvi. Magazeti yake ya kitaalamu yalikuwa yanakuja kwa meli, yamechelewa, na Jumamosi wenzetu wakifua alikuwa anatuita sie wachache tuliopenda hesabu, anatusomea. Mchana mmoja alitusomea habari ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa jikoni, mwiko unasimama chunguni.

Aliomba pia, ile ya kuchezea, kwa mtoto wa mpishi, akaizungusha sakafuni. Pia ikiwa na nguvu inasimama wima, unaweza kudhani imeganda. Ikianza kuchoka inayumba, kichwa kinachora duara taratibu. Akasema: ndani ya kila chembe ya shaba, katikati kabisa, kwenye kiini chake, pana jambo kama hilo. Kile kiini kinazunguka, tena ni sumaku, ndogo kupita kusema. Ukiiweka shaba kati ya taya za sumaku kubwa, viini vyake vinayumba vyote kwa mwendo mmoja. Ukivipigia wimbi la redio lenye mwendo uleule, vinaitika. Ukikosea wimbi kidogo tu, kimya. Alumini ina wimbi lake, risasi ina lake. Kila madini na stesheni yake, na wataalamu wa kwao walikuwa wameshazisikia.

Mwenzetu mmoja akauliza, "Na chuma, mwalimu?"

Mwalimu akacheka, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Akasema chuma ni mpiga kelele wa nje. Ndicho kinachovuta misumari na kugeuza dira, lakini ukienda moyoni mwake, viini karibu vyote vimenyamaza. Havizunguki.

Tulitoka pale. Nilikwenda jikoni nikaisimamia sufuria ya uji, sufuria ya alumini iliyobonyea, ambayo sumaku ya shule haikuwahi kuitazama mara mbili. Ndani yake, kwa maneno ya mwalimu, zilikuwa zinazunguka pia nyingi kuliko mchanga wa pwani yote, na hakuna aliyezirusha kwa kamba. Mpishi aliniuliza kama nina njaa. Nikamwambia hapana, naiangalia tu. Akaniambia niondoke, sufuria si televisheni ya Mzungu. Alikuwa amesikia habari za televisheni juzi yake na kila kitu kilikuwa televisheni.

Neno moja nilishike hapa maana tutalihitaji. Nilimuuliza mwalimu, hivyo viini vikiitika, mtu anasikia nini? Alisema: mnong'ono. Mnong'ono mdogo hivi kwamba lazima ujenge mashine ya kuukuza ndipo ujue upo.

Mume wangu anafanya kazi Kurasini, kwenye karakana inayotengeneza injini za matishari yanayopakua meli. Ni mtu wa mikono. Kitu kilichovunjika kikipita mbele yake hawezi kukiacha. Siku za mwanzo za ndoa, nilipokuwa bado namhadithia kila nilichonacho, nilimhadithia habari ya pia. Aliinuka akakaa kitako.

"Kila shaba?"

"Kila shaba."

"Hata waya wa dainamo?"

"Hata huo."

"Na hazichoki?"

"Mwalimu hakusema kama zinachoka."

Hilo tu ndilo alilolichukua. Mnong'ono aliuacha pale kitandani, akaondoka na lile la kutochoka.

Nisimwonee. Huku kwetu umeme haujafika. Ukipanda pale kwenye mikorosho jioni unaiona Kurasini inawaka, mitambo ya bandari na meli zilizofunga, yote mwanga, halafu unageuka unarudi nyumbani kwenye koroboi na moshi wake. Yeye mchana kutwa anawashikia wengine taa, magharibi anarudi kukohoa masizi. Mimba yangu ilipotimia miezi ya kuonekana alisema, "Mwanangu havuti masizi haya." Akaanza kujenga mashine kwenye banda la uani.

Alikuwa ameruhusiwa kuchukua sumaku ya dainamo iliyokufa, dude zito lenye umbo la kwato ya punda, taya zake zimeachana nafasi ya vidole viwili. Ukipita karibu na ufunguo wa chuma mfukoni, suruali inakwenda upande. Mpango wake ulikuwa hivi: shaba ikae kati ya taya, waya uizunguke, betri ya redio iipigie wimbi, shaba iitike, na ikishaitika, iendelee kuitika siku zote, taa iwake bila mafuta wala makaa. Alijaribu vipande vya waya, vijiko, kitasa cha mlango wa baba yake. Balbu ya tochi iliwaka pale tu betri ilipokuwa imeunganishwa nayo moja kwa moja, na hata mbuzi wa jirani angeweza kuiwasha hivyo. Mwisho akasema kinachokosekana ni shaba pana, safi, ya zamani, ikatwe vipande vyembamba.

Nikajifungua mtoto wa kike. Nikaingia arobaini.

Wasiojua desturi zetu niwaambie: mzazi hatoki siku arobaini. Anakaa chumbani na mtoto, anakandwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, na jua la nje analisikia kwa watu. Aliyenitunza ni mama mkwe wangu. Na yeye, kama walivyofanya kwao tangu zamani, alimwekea mtoto chuma cha kumlinda na vitu vibaya. Chuma hicho ni siri ya wanawake. Bibi anakiweka mwenyewe, na mwanamume akikiona, ulinzi umevunjika. Mie nilijua kilipo kwa sababu nilikilalia: kisu kipana, kimeviringishwa kitambaa, kimesukumwa ndani ya godoro la sufi upande wa mtoto. Chini yake kabisa, uvunguni, palikuwa na sinia la mama, limefunikwa nguo, limebeba wanja, pamba na mafuta ya nazi ya mtoto.

Asubuhi moja mume wangu akaingia na dira ndogo ya boti kiganjani.

"Usiinuke, mama mtoto. Naangalia kitu."

Alikuwa amezunguka mtaa mzima na dira hiyo, anaomba kuyaona masinia ya watu. Akainama, akaipitisha chini ya kitanda, juu ya sinia langu. Mshale ukageuka. Akairudisha nyuma, mshale ukarudi. Akaisogeza tena, ukageuka tena. Akaniangalia kama mtu aliyesikia mtoto wake akitamka neno la kwanza.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Masinia yote ya mtaa huu yamelala. Hili limeamka."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Tukatazamana. Akatikisa kichwa kidogo sana.

"Shaba haivuti dira," nikasema. "Hata hiyo."

"Imevuta."

"Haivuti."

"Kwa hiyo macho yangu yanasema uongo?"

"Macho yako hayajui kilichomo humu chumbani."

Mama mkwe akakohoa. "Mwache mzazi anywe uji. Uji ukipoa unageuka gundi."

Mume wangu alipotoka nilimshika mama mkwe mkono.

"Mama, mwambie ni kisu."

"Kisu gani?"

"Mama."

"Mie sijui kisu. Na wewe hujui kisu."

"Atalikata sinia la mama yangu."

Aliweka bakuli chini, akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakuwa mkali. Heri angekuwa mkali.

"Sinia ni chombo, mwanangu. Huyu ni mtu. Mie nilizika wawili kabla ya mumeo. Hao wawili hawakuwekewa chuma, kwa kuwa nilikuwa kijana mjuaji, kama wewe. Usinifanye nizike wa tatu kwa ajili ya sahani."

Utajibu nini hapo? Mie sikuamini kisu, lakini niliamini makaburi yake. Nikanywa uji.

Kwa mume wangu nilijaribu njia nyingine zote. Nilimwambia ni la mama. Akasema analijua ni la mama, na mama angependa mjukuu wake awe na taa. Nikamwambia asimsemee mama yangu, hakuwahi hata kumwamkia. Akasema sinia linakaa uvunguni na makopo ya wanja, lina faida gani. Nikamwambia siku ya arobaini watu watakula humo. Akasema siku ya arobaini watu watakula kwenye taa ya umeme. Alikuwa anasema kwa upole, hicho ndicho kilichonichoma. Mtu akikuibia kwa ukali unajua pa kumpiga.

Halafu ikawa alasiri ile. Nilisinzia na mtoto kifuani. Nilipoamka, uvunguni hapakuwa na sinia. Vitu vya mtoto vilikuwa vimepangwa juu ya mkeka, kopo la wanja, pamba, chupa ya mafuta, vimenyooshwa kama vya dukani. Alikuwa amevipanga vizuri ili nisikasirike. Nikavitazama vile vitu vilivyonyooka, nikahisi maziwa yananijaa kwa hasira.

Hapo nikasikia shaba inalia.

Nyundo juu ya tindo, tindo juu ya ukingo wa sinia. Mlio ulikuwa uleule wa mama akituita kula. Ukapigwa tena, na safari hii ukatoka umepasuka.

Nilitia mkono ndani ya godoro nikachomoa kisu. Nikamfunika mtoto kanga, nikambeba begani, nikatoka.

Jua lilinipiga usoni kama mlango. Uani alikuwapo mume wangu, amepiga magoti, amelibana sinia kati ya mbao mbili, tindo mkononi, na kwenye ukingo tayari pana mpasuko wa urefu wa kidole. Kwenye kigoda kivulini alikaa baba mkwe, ambaye ana duka lake barabarani na alikuwa amelifunga mapema aje kushuhudia umeme. Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Rudi ndani," akasema. "Arobaini haijatimia."

"Najua, mama. Shikamoo, baba."

"Marahaba," baba mkwe akasema. "Jua hili litakudhuru, mwanangu."

"Kuna kinachonidhuru zaidi." Nikamgeukia mume wangu. "Leta dira yako. Iweke hapo kwenye sinia."

Aliiweka. Labda alidhani nimekuja kukubali. Mshale ukaelekea kaskazini, ukatulia. Akalizungusha sinia. Mshale hukohuko. Akaigongagonga dira kwa ukucha.

"Limechoka," akasema.

"Limechoka kabla ya kazi?" baba mkwe akauliza. "Basi limekufuata wewe mwenyewe."

Nikakifungua kitambaa. Nilimwona mama mkwe akijivutia kanga usoni, na najua nilichomfanyia. Kisu kilipokaribia, mshale uliruka, ukageuka, ukanifuata mkono wangu kila nilipoupeleka.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinakuitikia," nikasema. "Kilikuwa godoroni kwa mtoto. Shaba haina habari na sumaku. Chukua sinia hilo, liweke kwenye taya za sumaku yako mpaka kiama, halitajua kama sumaku ipo."

Nilisema hivyo kwa sauti ya darasa la kumi. Nayakumbuka maneno yangu vizuri kwa sababu muda si mrefu nilitamani kuyameza.

Mume wangu aliinuka. Masikio yalikuwa yamemwiva. Alilichomoa sinia kwenye mbao, akapitisha kamba kwenye pete, akalitundika kwenye boriti ya banda, bapa lake likining'inia kama pazia. Akaivuta ile sumaku juu ya kasha, akaipanga mpaka ukingo wa chini wa sinia, ukibembea, upite katikati ya taya bila kugusa. "Tutaona," akasema. Akalivuta sinia pembeni, juu, akaliachia.

Lilikuja kwa kasi. Ni chombo kizito, nikawa nangoja lipite litokee upande wa pili. Liliingia kwenye taya, likasimama.

Halikugonga. Mlio tungeusikia. Halikunasa pia, maana lilikuwa linaning'inia huru, unaweza kulisogeza kwa kidole. Lilisimama kama mtu aliyeingia chumbani anacheka akakuta msiba. Mume wangu akalivuta tena, akaliachia tena, tena kwa juu zaidi. Likaja, likapungua, likasimama. Akachukua karatasi ya sigara, akaipitisha kati ya shaba na taya upande huu na upande ule. Karatasi ikapita. Hapakuwa na kitu pale katikati. Hewa.

 Kuku walikuwa wanatembea juu ya mchele na mama mkwe hawaoni.

"Ulisema halitajua," mume wangu akaniambia. Hakunikejeli. Alikuwa ananiuliza kweli.

 Mie msomi nilikuwa nimesimama juani na kisu mkononi, na hasira yangu yote, iliyonitoa kitandani, sikujua imekwenda wapi. Nilimpa mama mkwe mtoto. Akampokea kwa mikono miwili na kisu akaninyang'anya hapohapo. Nikaenda nikalishika sinia kwa ukingo.

Nililisukuma polepole ndani ya taya. Likaenda, jepesi. Nikalisukuma haraka. Likanishika. Nasema likanishika kwa sababu sina neno jingine: ilikuwa kama kusukuma mkono ndani ya asali, nami natazama kwa macho yangu hakuna asali. Nikirudisha haraka, linanizuia nisirudi. Nikitulia, linaniachia kabisa, kana kwamba hapakuwa na kitu. Shaba ile ilikuwa haivutwi na sumaku, hilo nilisema kweli, lakini ilikuwa inajua kwamba inatembezwa. Ilikuwa inahisi mwendo. Mama yangu alilisugua sinia hilo kwa ndimu na majivu miaka yote ya maisha yake, na mama yake kabla yake, na humo ndani jambo hili lilikuwapo limekaa linangoja, na hakuna mmoja wao aliyewahi kukutana nalo. Nikasikia vinyweleo vimenisimama mikononi, na jua lote lile.

"Hebu," baba mkwe akasema. Akaja na mkongojo wake, akaweka kiganja, akasukuma. Akaondoa mkono, akautazama, akasukuma tena.

"Subhanallah," akasema chinichini.

"Ndiyo nguvu yenyewe hiyo," mume wangu akasema. Alikuwa ameshaokota tindo. "Nilijua ipo. Nikilikata vipande vyembamba, nikavipanga vyote kwenye taya…"

Hapo hasira ikanirudia, alhamdulillahi, na ilirudi na akili.

"Nguvu ya nani?" nikamuuliza. "Mkono wangu ndio uliochoka. Sumaku haijachoka. Kule karakana, mkiizungusha dainamo kwa mkono na taa imezimwa, mpini unakuwaje?"

"Mwepesi."

"Na taa ikiwashwa?"

Alifungua mdomo ajibu haraka, akaufunga. Anazijua dainamo kuliko mimi. Amezishika mpini miaka mingi, na mikono yake ilikuwa inalijua jibu kabla yake. Nilimwona akilisikia kwenye mabega.

"Unakuwa mzito," akasema.

"Kwa hiyo taa inalishwa na nani?"

"Na mkono."

"Na hapa, uzito huu tunaousikia?"

 Alikaa chini mchangani, tindo juu ya magoti. Baadaye kidogo akauliza, kama mtoto anayeuliza kuhusu mtu aliyesafiri, "Na zile pia? Zile za mwalimu wako?"

"Zipo. Mwalimu alisema zinanong'ona. Hakusema zinawasha taa."

Baba mkwe hakuwa anatusikiliza. Alikuwa bado anacheza na sinia. Alilizungushia kamba upya, likakaa na ule upande uliopasuliwa chini, akaliachia libembee. Lilipita. Si kama hewani, lilipungua kidogo, lakini pale penye mpasuko lilipenya taya likatokea ng'ambo, likarudi, likapenya tena.

"Huku haishiki sana," mzee akasema.

Mume wangu aliinuka. Alilibembeza upande mzima, likasimama. Akalibembeza upande uliopasuka, likapita. Akarudia mpaka jasho likamtoka, anaupitisha ukucha kwenye mpasuko wake mwenyewe.

"Umeme unazunguka humo ndani," akasema, hatuambii sisi, analiambia sinia. "Likitembea, unazuka, unazunguka duara. Mie nimeukatia njia." Akauchungulia mpasuko. "Ningelikata vipande vyote, kisingebaki kitu."

Akaenda akaweka tindo kwenye sanduku. Pole hakuniambia, na mpaka leo hajaniambia. Alilifungua sinia kwenye boriti, akalifuta vumbi kwa shati lake, akanipa.

Nilirudi chumbani. Mama mkwe alinifuata na mtoto, akamlaza, akatoka na kisu. Alikihamishia mahali pengine na hakuniambia wapi. Siku chache baadaye mtoto alishikwa na homa. Mama mkwe alikesha naye, anamkanda kwa majani, hakusema neno moja la kunilaumu, nami nilikuwa nangoja alitamke ili nipate pa kujitetea. Homa ikatoka. Kama ni majani, kama ni chuma, kama ni homa tu imechoka, sijui. Nilimwomba radhi kwa kukitoa kisu mbele ya wanaume. Akasema, "Umeshakitoa. Kunywa uji."

Arobaini ilipotimia, wanawake walijaa nyumbani, na wali ulipakuliwa kwenye sinia la mama kama alivyotaka. Walikaa wamelizunguka, mikono ikaingia. Jirani mmoja akagusa ule ukingo akauliza, "Hili limeng'atwa na nini?"

"Na baba mtoto," mama mkwe akajibu, hajacheka hata kidogo. "Ana njaa ya taa."

Wakacheka mpaka wali ukawapalia. Mie nilicheka pia, na nilikuwa nataka kulia.

Mtoto sasa anatembea. Taa ya umeme hatuna, koroboi ipo palepale. Mume wangu siku za mapumziko anakuja mlangoni, anasema, "Naliomba sinia, mama mtoto," na hilo la kuomba limeanza siku ile. Tunalitundika bandani sote watatu. Mtoto analisukuma kwa viganja vyote viwili, linamshika, anageuka kututazama kuona kama na sie tumesikia. Tumesikia, tunamwambia. Mume wangu anatabasamu na mie naangalia pembeni, kwa kuwa siko tayari kutabasamu naye kwenye jambo hili, lakini nywele za mikono zinanisimama kila mara, kila mara.

Chakula kikiiva nagonga ukingo kwa kidole chenye pete, kama mama. Halilii tena. Shaba iliyopasuka inatoa mlio mfupi, wa bati, unaishia hapohapo uani. Mlio wa mama yangu ulikuwa mmoja tu duniani na mume wangu aliukata kwa tindo, kwa upole, akiwa na nia njema. Hiyo ndiyo hasira yangu, na sina mpango wa kuiacha.

Kisha nalichukua nalisugua kwa ndimu na majivu, na nikifika kwenye mpasuko mkono unapunguza mwendo wenyewe. Nafikiria zile pia. Umeme unaozunguka duara, mpasuko umeukatia njia. Mlio nao umekatika. Lakini zile pia zenyewe haziendi popote. Kila moja iko mahali pake, inazunguka katika chembe yake, pembeni kabisa mwa mpasuko kama katikati ya sinia. Hazijui kama limekatwa. Nalisuuza, nalianika juani, nawaita kwa mdomo waje kula.